Kabla ya Kumlaumu Kijana, Tupime Udongo

Ndugu msikilizaji, kuna jambo ambalo kila mzazi analijua. Mtoto akifikia umri wa miaka 12 au 13, nyumba huanza kumbana. Hataki tena kukaa jikoni na mama yake, na akitumwa dukani harudi upesi. Ukimtafuta utamkuta na wenzake: chini ya mwembe, uwanjani kwenye mpira, au kando ya reli. Huko ndiko anakojifunza kutunza siri, kugawana andazi moja watu wanne, kugombana asubuhi na kupatana kabla ya magharibi. Wazee wetu walilitambua hilo, ndiyo maana makabila mengi yaliwaweka vijana pamoja kwa rika, na waliokuwa rika moja wakabaki ndugu mpaka uzeeni. Shule tunawajengea sisi watu wazima. Mahali pa urafiki vijana hupatafuta wenyewe.

Sasa hebu tujiulize: katika mji wa viwanda, mahali hapo ni wapi? Viwanja vyenye majani vimezungushiwa uzio. Nyumba ni vyumba viwili, na baba aliyetoka zamu ya usiku amelala, hataki kelele. Kinachobaki ni pale ambapo hapana mtu anayepahitaji: nyuma ya ukuta wa kiwanda, ukingoni mwa mfereji wa maji machafu, au juu ya malundo ya mabaki yaliyomwagwa na mgodi. Hapo ndipo vijana wanapokutana, na hapo hapo ndipo moshi na vumbi vinapotua. Kwa hiyo kijana wa mji kama huo hupokea vitu viwili kwa mkono mmoja, yaani rafiki na sumu.

Juma hili, ndugu msikilizaji, nataka tuitazame sumu moja tu kati ya nyingi, yaani madini ya risasi. Nitaeleza inavyoingia mwilini, inavyofanya kazi, na kwa nini mara nyingi tunaiona kwa macho yetu wenyewe kisha tunaiita jina lingine. Tunaiita tabia.

Mfano wangu mkubwa ni mji wa Kabwe nchini Zambia. Msikilizaji aliyewahi kusafiri kwa reli ya TAZARA mpaka mwisho wake, pale Kapiri Mposhi, kisha akapanda basi kwenda Lusaka, amepita Kabwe. Uko kama kilomita 140 kaskazini ya Lusaka. Wakati wa ukoloni uliitwa Broken Hill, na reli kutoka kusini ilifika hapo mwaka 1906 kwa sababu ya risasi na zinki zilizokuwa ardhini. Ni katika mgodi huo huo ambamo mwaka 1921 wachimbaji walifukua fuvu la mtu wa kale sana, ambalo wataalamu wa historia ya binadamu wanalijua ulimwenguni kote. Mgodi ulichimbwa na madini yakayeyushwa papo hapo kwa karibu miaka 90, kwanza chini ya makampuni, baadaye chini ya shirika la umma, mpaka ulipofungwa mwaka 1994.

Mtu anaweza kudhani kwamba mgodi ukishafungwa na moshi ukakoma, habari imekwisha. La hasha. Risasi haiozi, haichakai, wala haigeuki kuwa kitu kingine. Moshi wa miaka yote hiyo ulichukuliwa na upepo, ambao huko huvuma zaidi kutoka mashariki, ukatua juu ya mitaa iliyoko upande wa magharibi ya mgodi. Mitaa kama Kasanda na Makululu ina udongo uliojaa risasi, na wakati wa kiangazi udongo huo huinuka kama vumbi na kuingia majumbani upya kila siku. Malundo ya mabaki nayo yalibaki wazi, na watu wenye shida wameendelea kuyachimbua na kuyaponda ili wapate chochote cha kuuza. Miongoni mwao wamo vijana.

Matokeo yake yamepimwa. Uchunguzi wa kitaalamu uliotolewa mwaka 2018 ulieleza kwamba katika mitaa iliyoathirika zaidi, zaidi ya asilimia 95 ya watoto walikuwa na risasi nyingi katika damu, na karibu nusu yao walifikia kiwango kinachohitaji dawa ya hospitali. Ili msikilizaji apate kipimo, Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto akionekana na mikrogramu 5 za risasi katika kila desilita ya damu, yaani katika sehemu moja ya kumi ya lita, chanzo chake kitafutwe na kiondolewe. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Kiwango cha kutumia dawa ni mikrogramu 45. Shirika hilo linasema pia kwamba hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara.

Je, risasi huingiaje mwilini? Wengi hudhani ni kwa kuvuta moshi tu. Moshi ni njia mojawapo, lakini kwa mtoto njia kubwa ni mkono. Vumbi hutua mkononi, na mkono huenda mdomoni. Mtoto mchanga hutambaa na kulamba vidole. Kijana wa miaka 13 halambi vidole, lakini hucheza mpira saa mbili katika uwanja wa vumbi, kisha hukaa chini na wenzake wakamenya maembe kwa meno, bila maji ya kunawa. Mwili wa mtoto huipokea risasi mara 4 au 5 zaidi ya mwili wa mtu mzima. Tena tumbo likiwa tupu huipokea zaidi, na damu ikiwa na upungufu wa madini ya chuma huipokea zaidi. Ndiyo kusema kwamba njaa na sumu hii hushirikiana. Mtoto wa maskini hupigwa na zote mbili.

Ikishaingia, risasi humdanganya mwenye mwili. Kwa jinsi ilivyoumbika, inafanana na kalsi, ile chokaa inayopatikana katika maziwa na dagaa, ambayo mwili huitumia kujenga mifupa na kupeleka habari kutoka mshipa mmoja wa fahamu hadi mwingine. Mwili huipokea risasi kana kwamba ni kalsi. Huipeleka kwenye ubongo, nayo huko huvuruga zile habari. Huipeleka kwenye uboho ambako damu hutengenezwa, nayo husababisha upungufu wa damu. Kisha sehemu kubwa huiweka akiba ndani ya mifupa, na humo inaweza kukaa miaka mingi. Katika damu risasi hupungua nusu kwa muda wa kama mwezi mmoja, iwapo mtu ataondoka penye sumu. Katika mifupa huhesabiwa kwa makumi ya miaka.

Hapa kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Tunapozungumza juu ya risasi, macho ya wote huenda kwa watoto wa chini ya miaka 5. Ni haki, kwa sababu ubongo wao ndio laini zaidi. Lakini watoto hao hukua. Msichana aliyemeza vumbi la Kasanda akiwa na miaka 3 atafika miaka 15 akiwa na risasi mifupani, na siku atakapobeba mimba, mwili wake utachota kalsi kutoka mifupani ili umjenge mtoto, na risasi itatoka pamoja nayo. Sumu iliyomwagwa kabla msichana huyo hajazaliwa itakuwa imefika kwa mjukuu. Aidha, sehemu ya ubongo inayomwezesha mtu kujizuia, kupanga mambo na kusubiri haikamiliki mpaka mtu apite miaka 20. Ndiyo sehemu ambayo kijana anaihitaji zaidi anapoanza kuwa mtu wa watu, na ni mojawapo ya zile zinazodhurika.

Kijana aliyedhurika haonekani mgonjwa. Hana kidonda wala kikohozi. Huonekana mzito wa kukumbuka. Hushindwa kutulia. Hukasirika kwa jambo dogo na kulia kwa jambo dogo. Huumwa tumbo mara kwa mara. Mwalimu huandika kwenye ripoti: mvivu, mtukutu, hana bidii. Baba husema amefuata marafiki wabaya. Mama hunong'ona kwamba huenda kuna mkono wa mtu.

Tena jambo linalotatanisha zaidi ni kwamba marafiki wawili wa mtaa mmoja hawadhuriki sawa. Mmoja anaishi nyumba yenye sakafu ya saruji, mwenzake sakafu ya udongo. Mmoja hunywa chai na maziwa kabla ya kutoka, mwenzake hushinda na njaa. Mmoja baba yake ni karani, mwenzake baba yake hurudi na nguo za kazini zilizojaa vumbi na huketi nazo kitandani. Nyumba ya mmoja iko upande upepo unakotoka, ya mwenzake upande unakokwenda. Basi watu hutazama wale wawili na kusema: mbona mwenzako anafaulu, na mnacheza pamoja, mnakula pamoja, mnakwenda shule moja? Wanasahau kuuliza wanalala wapi.

Mimi nilikulia karibu na viwanda, katika bonde la mto Msimbazi hapa Dar es Salaam. Mto wetu ulikuwa ukibadilika rangi kufuatana na vitambaa vilivyotiwa rangi siku hiyo, nasi tulikuwa tukibahatisha: kesho buluu au nyekundu? Aliyeshindwa aliwanunulia wenzake karanga. Tulikuwa wanne, na hapakuwa na kitu ambacho wanne hatukugawana, hata viatu vya mpira, guu hili kwako na guu hili kwangu. Mmoja wetu alikuwa mlinda mlango hodari mno. Baba yake alifanya kazi ya kupasua betri kuukuu za magari uani kwao. Aliitoa risasi iliyomo, akaiyeyusha katika sufuria juu ya mkaa, na kutengeneza chubwi za nyavu ambazo wavuvi walizinunua. Kazi ya mwenzetu, akirudi shule, ilikuwa kupuliza ule moto.

Mpaka darasa la tatu alikuwa akishika nafasi za mbele. Baadaye akaanza kusahau. Akawa mtu wa hasira na wa kushika tumbo. Shuleni akapewa majina, na majina hayo yakamfuata mpaka nyumbani. Lakini sisi marafiki zake tulijua jambo ambalo mwalimu hakulijua. Kila alipokwenda kwa bibi yake Kisarawe wakati wa likizo ndefu, alirudi mtu mwingine. Alirudi amechangamka, anacheka, anakumbuka hata mabao ya mwaka juzi. Baada ya wiki kadhaa za sufuria lile, alikuwa akizima tena kama taa inayoishiwa mafuta. Sisi tulidhani ni maziwa ya bibi. Hapana mtu mzima aliyetuuliza, na hapana aliyempima damu. Aliacha shule kabla ya mtihani wa darasa la saba, na wale wanne wakabaki watatu.

Nimeyasema hayo si kwa sababu ya kumbukumbu tu. Nimeyasema kwa sababu yanafanana mno na jambo ambalo sayansi ililithibitisha mbali sana na Msimbazi, katika miji miwili ya zamani iliyo jirani na Boston nchini Marekani, Chelsea na Somerville. Huko, katika miaka ya 1970, daktari mmoja wa watoto aitwaye Herbert Needleman alitafuta njia ya kujua ni kiasi gani cha risasi mtoto amekimeza tangu kuzaliwa. Damu haikumtosha, kwa kuwa damu hueleza habari za majuma yaliyopita tu. Akafikiria meno. Meno ya utotoni ni kama mfupa, yanaweka akiba, tena hung'oka yenyewe bila kumuumiza mtu. Basi yeye na wenzake wakakusanya meno yaliyong'oka ya watoto wa madarasa ya mwanzo.

Kisha wakawaomba walimu wajaze fomu juu ya wanafunzi zaidi ya 2,000. Je, mtoto huyu hutulia? Je, humaliza kazi aliyoianza? Je, hufuata maelekezo? Je, huvunjika moyo upesi? Walimu hawakuambiwa meno ya nani yana risasi. Majibu yalipolinganishwa na meno, mambo yalijipanga kama ngazi: kadiri risasi ilivyokuwa nyingi katika jino, ndivyo mwalimu alivyomwandika mtoto vibaya. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1979. Kumbuka kwamba watoto hao hawakuwa wagonjwa kwa macho ya mtu yeyote. Walimu waliona sawasawa kilichokuwapo, ila hawakuwa na njia ya kujua kimetoka wapi.

Habari haikuishia hapo. Baadaye watafiti waliwatafuta tena watoto wale, ambao sasa walikuwa vijana wa miaka 18 hivi, wakawapata 132. Mwaka 1990 walitoa taarifa yao. Waliokuwa na risasi nyingi katika meno ya utotoni walikuwa katika hatari ya kutomaliza shule ya sekondari kama mara 7 zaidi ya wale wenye risasi kidogo, na wengi zaidi walikuwa na shida ya kusoma. Ndiyo kusema kwamba kile alichokimeza mtoto wa miaka 6 kiliamua nani atabaki darasani na wenzake, na nani ataachwa nyuma. Urafiki wa ujana mara nyingi hukatika penye mlango wa shule. Huyu anaingia, yule anabaki nje, na baada ya mwaka hawana tena la kuongea. Tunasema wamekua, kila mtu ameshika njia yake. Katika mji wenye sumu, njia hiyo yaweza kuwa ilichorwa na vumbi.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba kila kijana mtukutu ana risasi mwilini. Utukutu ni sehemu ya ujana, na uvivu upo. Wala sisemi kwamba kijana aliyepimwa akaonekana ana risasi hana maana tena. Hilo lingekuwa kumpiga mara mbili, kwanza kwa sumu na pili kwa jina. Wapo wengi waliokulia katika mitaa hiyo ambao wamesoma, wamefanya kazi na kulea familia. Ninachosema ni kwamba katika mji ambao tunajua umechafuka, kumhukumu kijana kabla ya kupima ni kumnyima haki. Anayepimwa ana nafasi ya kusaidiwa. Aliyepewa jina tu hana.

Kwamba kupima kunaweza kubadili mambo, tunao ushahidi karibu, hapo Mombasa. Katika kijiji cha Owino Uhuru, jirani na Mikindani, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka betri kuukuu, ambacho kilifungwa mwaka 2014. Mama mmoja aliyefanya kazi hapo, Phyllis Omido, mtoto wake mchanga aliugua. Alitibiwa malaria, akatibiwa homa ya matumbo, asipone. Alipopimwa damu, ikaonekana ana risasi. Mama huyo hakuridhika na kumtibu wake peke yake. Aliacha kazi, akaanza kuwaeleza majirani, wakaandamana, akakamatwa, akaendelea. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya kimataifa ya mazingira iitwayo Goldman. Mwaka 2020 mahakama iliamua kwamba wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa iliutengua uamuzi wa fidia mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikaurudisha. Msikilizaji ataona kwamba haki ilipanda na kushuka ngazi kwa miaka mingi, lakini isingepanda hata ngazi ya kwanza bila kile kipimo cha damu cha mtoto mmoja.

Kwa Kabwe nako watu wamekwenda mahakamani. Mwaka 2020 kesi ilifunguliwa huko Johannesburg, kwa niaba ya watoto na wanawake wa Kabwe, dhidi ya kampuni ya Anglo American ambayo ilihusika na mgodi huo kuanzia mwaka 1925 hadi 1974. Kampuni ilikana kuwajibika. Desemba 2023 mahakama ilikataa kuruhusu kesi iendeshwe kwa pamoja kwa niaba ya kundi zima. Kwa upande mwingine, Benki ya Dunia mwaka 2016 iliikopesha Zambia dola kama milioni 65 kwa mradi wa kupunguza madhara ya migodi, Kabwe ikiwamo, kwa kupima watoto, kuwatibu na kusafisha baadhi ya maeneo. Hayo ni ya serikali na wakubwa. Na ni yao kwa kweli, kwa sababu maji na sabuni haviwezi kuondoa mlima. Aliyeumwaga mlima, au aliyemrithi, ndiye anayepaswa kuufunika.

Hata dawa ya hospitali ina mpaka wake. Ipo dawa inayoinasa risasi ndani ya damu na kuitoa kwa mkojo, na imeokoa maisha. Lakini ukimpa mtoto dawa hiyo kisha ukamrudisha katika ua ule ule wenye vumbi lile lile, unachota maji kwa pakacha. Kwanza udongo, kisha dawa.

Hata hivyo, ndugu msikilizaji, yako mambo yaliyo katika uwezo wetu wakati tunasubiri wakubwa. Kwanza, kazi ya kupasua betri na kuyeyusha risasi isifanyike uani wala karibu na jiko, na watoto wasiitumikie kamwe. Pili, anayefanya kazi ya vumbi la madini avue nguo zake nje, aoge, ndipo ashike mtoto. Nguo hizo zisifuliwe pamoja na za nyumbani. Tatu, katika mtaa wenye vumbi la namna hiyo, nyumba ipanguswe kwa kitambaa cha maji badala ya kufagiliwa kavu, maana ufagio mkavu huliinua vumbi tu na kulishusha mezani. Nne, watoto wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, na wasitoke na njaa. Maharage, mboga za majani, dagaa na maziwa huupa mwili chuma na kalsi, na mwili uliotosheka navyo huipokea risasi kidogo zaidi. Tano, uwanja wa mpira upandwe majani au umwagiwe udongo safi. Hilo la tano watu hulicheka, wakidhani ni anasa. Si anasa. Uwanja ndio nyumba ya pili ya kijana, na ukimfukuza hapo bila kumpa pengine, atakwenda juu ya lundo la mabaki.

La sita ni la walimu na wazazi, nalo halihitaji fedha. Mwulizeni rafiki yake. Mtoto akianza kubadilika, sisi humwita yeye mwenyewe, tukamsimamisha mbele yetu na kumtaka ajieleze. Hawezi kujieleza, kwa sababu hajui. Lakini wenzake wanajua. Wanajua anashinda wapi, anachimba nini, anapuliza moto gani, tumbo lilianza kumuuma lini, na ni wapi akienda hupata nafuu. Rika ndilo linalokaa naye saa nyingi kuliko baba na mwalimu wakiwekwa pamoja. Tumezoea kuwaogopa marafiki wa watoto wetu, tukidhani kila ubaya umetoka kwao. Katika mji wa moshi wao ndio mashahidi wa kwanza, na mara nyingi ndio pekee. Shahidi asiyeulizwa ushahidi wake hufa naye.

Nanyi vijana mnaonisikiliza, mlio katika miji ya migodi na mitaa ya viwanda, nina neno moja kwenu. Mkimwona mwenzenu anapungua, msimcheke na msimwache. Semeni kwa mtu mzima, na mtu mzima wa kwanza asiposikia, semeni kwa wa pili. Semeni mlichokiona: mahali, siku na kazi aliyokuwa akifanya. Nendeni naye zahanati, mkaeleze kwamba anashinda penye betri au penye mabaki ya mgodi, maana mganga asipoambiwa hilo atatafuta malaria, na malaria haikosekani kwetu. Hiyo ndiyo kazi ya rafiki.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ni kweli, lakini malezi hayaishii kwenye maneno na fimbo. Udongo nao hulea, na hewa hulea. Ukimlea mtoto kwa maneno mazuri juu ya udongo mbaya, udongo utasema kwa sauti yake, nawe utadhani ni mtoto anayekujibu utovu wa adabu. Kwa hiyo kabla hatujamwandika kijana kwenye daftari la wavivu, tuchukue konzi ya udongo anaouchezea na tone la damu yake, tukapime. Tukikuta ni safi, hapo tuna haki ya kumkanya. Tukikuta si safi, basi wa kukanywa ni mwingine.